Siku Nilipompiga Mnada Binti Yangu

Shikamooni wazee wangu, na ninyi vijana, habari za asubuhi. Leo tutamsifu Bwana taratibu, maana mdomo wangu umekuwa kama pikipiki ya zamani, kwenye baridi hii ya mlimani hauwaki kwa kiki moja. Mkiitikia amina kabla sijamaliza sentensi nitawasamehe. Ila nina ombi moja kabla sijaanza. Nikikwama neno, msinisaidie. Najua mnanipenda, na najua akina mama kule nyuma mna maneno tele ya kunigawia. Kaeni nayo tu. Nisubirini, litakuja lenyewe, na mkishasikia habari hii yote mtajua kwa nini naomba hivyo.

Baba Mchungaji amenipa nafasi hii kabla hatujatoka nje kwenye mnada, na ameniomba nisikae sana. Nimemwambia Baba, zamani ungeniambia hivyo ningeongea mpaka ndizi za sadaka ziive. Siku hizi usiwe na wasiwasi, maneno yenyewe yanakuja kwa zamu.

Naona leo tuna wageni kutoka mjini, wengine Levolosi, wengine Sombetini. Ndugu zangu wageni, niwaeleze. Hapa kwetu mtu akikosa hela ya kuweka kwenye bahasha analeta alichonacho shambani: mkungu wa ndizi, mayai, jogoo, kahawa, hata mzigo wa majani ya ng'ombe. Ibada ikiisha tunatoka nje, vitu vinapigwa mnada, na kinachopatikana ndiyo sadaka. Sasa mimi mnayeniona hapa, kwa miaka mingi, ndiye niliyekuwa dalali wa kanisa hili.

Na nilikuwa naweza, jamani. Nisijidharau kwa kisingizio cha unyenyekevu, kazi ile niliiweza. Kuku aliyekonda nilimwita mwanamichezo. Jogoo asiyewika nilisema huyu ni mtulivu, anafaa nyumba ya mchungaji. Yai moja tu nililiuza, likarudishwa sadaka, nikaliuza tena, likarudishwa tena, mpaka mama aliyelileta akawa anafuta machozi kwa kucheka. Nikisema "mara ya kwanza", mnashika mifuko. Nikisema "mara ya pili", mnatazamana. Ya tatu, kimeuzwa. Wapo waliokuwa wanakuja ibadani kwa ajili ya mnada, nawajua, na wawili watatu nawaona hapa mbele.

Haikuishia kanisani. Mtu akitaka kuposa, ananiita mimi. Msiba, mimi. Kikao cha maji, mimi. Ng'ombe wa jirani akiingia shamba la mtu, mimi ndiye wa kusuluhisha, na wakati mwingine ng'ombe alikuwa wangu. Nilikuwa naamini kabisa moyoni mwangu kwamba Mungu alinipa mimi mdomo, na ninyi wengine akawapa masikio.

Basi, asubuhi moja nilikuwa chini kwenye migomba nakata majani, panga likanidondoka. Nikainama kuliokota, mkono ukakataa. Mguu nao ukaungana na mkono. Nikataka kumwita mama watoto, nikafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakuna kilichotoka. Nilikaa pale kwenye majani natazama ndizi. Mama watoto akanikuta, akapiga kelele kwa ajili yetu sote wawili, na majirani wakanibeba kwenye machela ya mbao mpaka barabarani. Ilikuwa kiharusi.

Hospitalini nikaja kupata fahamu vizuri, nikamwona mama watoto ameinama juu yangu. Akaniuliza, baba, unanijua mimi ni nani? Ndugu zangu, nawaambia, nilimjua mpaka kovu lake la kidoleni. Nikajibu kwa sauti safi kabisa, ya kunyooka, "Mara ya kwanza." Akauliza tena. Nikamjibu, "Mara ya pili." Nesi aliyekuwa pembeni akafikiri naeleza nimelazwa mara ngapi.

Mnacheka, chekeni tu. Mimi siku ile sikucheka. Nilisikia kwa masikio yangu kinachotoka mdomoni na nikajua sicho nilichokusudia. Kichwani neno liko pale, nalijua, naliona, nikilituma linakwenda lingine. Daktari alitueleza vizuri. Alisema pale ubongo unapotengenezea maneno mapya ndipo palipoumia, lakini maneno aliyoyasema mtu mara nyingi mpaka yakawa mazoea yanapita njia nyingine, na nyimbo pia zina njia yake. Kwa hiyo mimi niliyezungumza kila mahali, katika bahari yote ya maneno yangu nilibakiwa na mnada.

Na Sala ya Bwana. Hiyo niliikuta nimerudi nyumbani. Jumuiya mlikuja Jumamosi asubuhi, mkaimba, mkafika kwenye sala, na mimi kwenye kiti changu nikaanza pamoja nanyi nikaenda nayo mpaka mwisho bila kukosea. Jamani ile furaha. Mmoja akasema ni muujiza, mwingine akaanza pambio, mama watoto akakimbilia jikoni huku analia. Akarudi na chupa ya chai, akaniuliza kwa upendo wote, baba, nikuwekee sukari? Nikamwambia, "Mara ya kwanza." Pambio likakatika katikati.

Sitaki kuwadanganya, baada ya pale nilianguka, na sizungumzii ule mguu. Niliacha kutoka nje. Mkija kunitazama nilikuwa najifanya nimelala, na ninyi mnaweka maziwa mezani mnaondoka kwa ncha za vidole. Mama watoto ananilisha loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando, kwa kijiko, mahindi yanaangukia kifuani, ananifuta, na mimi namkasirikia yeye kwa sababu hakuna mwingine wa kumkasirikia. Nyumba yangu mnajua iko hapo chini tu ya kanisa. Jumapili nikiwa kitandani nausikia mnada wote. Nasikia kijana wetu aliyechukua nafasi yangu anauza mkungu wa ndizi kwa aibu, kama ameuiba. Nilikuwa naumia mpaka naketi, nampigia kelele kutoka chumbani, "Mara ya pili! Mara ya pili!" Mama watoto akaniambia angalau huyo kijana anaweza kuomba chumvi mezani. Mama yenu naye ana mdomo, si mnamjua.

Lakini kilichokuwa kinaniumiza kuliko vyote ni kumaliziwa. Nikifungua kinywa tu, nyumba nzima inanimalizia. Siku moja nimekaa mlangoni nikaona mbuzi ameingia kwenye kamba ya nguo, anatafuna joho la kwaya la mama watoto. Nikaanza, "Mb... mb..." Wakaja wote mbio. Mboga? Unataka mboga? Mbege? Mama watoto akasema, mgonjwa wewe, pombe ya nini? Shangazi wa watoto akaleta mbolea kwenye kiroba, sijui alifikiri ninataka kuifanyia nini. Mimi nanyoosha mkono wangu ule mzima, wao wanautazama mkono. Walipogeuka, mbuzi alikuwa amemaliza mkono mmoja na anaanza kola. Mliokuwa mnajiuliza kwa nini mama yenu aliimba Pasaka na joho la kuazima, ndiyo hivyo.

Sasa niwaambie habari za rafiki yangu. Simtaji, ila mtamjua, hata nikimwita mtu wa kule juu mtamjua. Tulisoma pamoja kipaimara, tukawekewa mikono siku moja hapa hapa mbele. Ni mtu wa kahawa na ng'ombe, mpole, na ana... ana...

Subirini.

Ana kigugumizi. Asanteni. Mmeona? Limekuja lenyewe.

Ana kigugumizi tangu utoto. Na mimi tangu utoto ndiye niliyekuwa msemaji wake. Akianza "Mi-mi-mimi na...", namalizia. Nilijiona namsaidia, na niseme kweli, nilijisikia vizuri kumsaidia. Watu walikuwa wananisifu, tazama wale walivyo marafiki, mmoja mdomo wa mwenzake.

Huyu rafiki akaanza kuja kila asubuhi akishapeleka maziwa. Anaketi kwenye benchi barazani, anaomba nitolewe nje, tunakaa wawili. Haniombei kwa sauti, hanipi pole, hanielezi habari za nani kaponaje. Anakaa. Siku ya kwanza nikafungua kinywa nimwambie jambo. Halikuja. Nikamtazama, nikisubiri aanze kubahatisha kama wengine. Yeye ametazama zake Mlima Meru, kimya, na uso wake hauna huruma wala haraka. Nikajaribu tena. Kimya. Nikatoa jasho. Yeye anatafuna kijiti. Tulikaa vile muda mrefu mpaka hatimaye likatoka, neno langu la kwanza la kweli tangu niugue. Nikasema, "Mvua."

Ilikuwa tayari inanyesha. Kahawa yetu yote ilikuwa imeanikwa, na mama watoto alikuwa anakimbia uani na turubai kichwani, anatuuliza wanaume wawili wazima tumekaa tunaangalia nini. Rafiki yangu hakuinuka kwanza. Akanigeukia, akatabasamu mpaka meno ya nyuma, akasema, "E-e-eeh. Mvua." Ndipo tukaenda kufunika kahawa, yeye akikimbia, mimi nikijikokota. Ilikuwa imelowa. Mama watoto alitusema vizuri, na mimi moyoni nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye mnada wowote.

Basi ikawa ndiyo shule yangu. Akaniambia siri yake, kwamba yeye akiimba hapati kigugumizi, na maneno mengi huyaimba moyoni kabla hajayasema. Kumbe ndiyo yale yale ya daktari kuhusu nyimbo. Tukawa tunakwenda kwenye migomba tunaimba maneno, mmoja anaanza mwingine anafuata: maaaji, chuuumvi, asaaante. Ng'ombe wananyanyua vichwa. Jirani akamwuliza mama watoto kama sisi watu wazima tumeanza kunywa asubuhi asubuhi.

Siku moja, tumeimba tumechoka, nikaweza kumwuliza swali zima. Lilinichukua muda, lakini nililimaliza. Nilimwuliza, "Kwa nini wewe hunimalizii?"

Akatazama chini. Nikasubiri. Na ndugu zangu, pale ndipo nilipojua kwamba sijawahi kumsubiri mtu huyu maisha yangu yote. Akasema, "Kwa sa-sababu we-wewe ulini-ma-malizia. Na me-mengi hayakuwa ya-yangu."

Akaendelea, na akaanza kucheka mwenyewe. Akanikumbusha kikao kimoja cha hapa kanisani, zamani, walipomwomba aingie kamati ya mapishi. Alisimama kujibu, akaanza, "Mimi ha-ha-ha...", na mimi nikarukia juu nikasema, "Mimi hapa, nipo tayari!" Mkapiga makofi. Alitaka kusema "hapana". Moshi unamwumiza macho. Amewapikia ninyi pilau za kipaimara, za harusi, za mkutano mkuu, miaka yote hiyo, macho yamemwiva, kwa sababu ya mdomo wangu. Na hakuwahi kunichukia. Alisema nilikuwa na furaha sana siku ile, akaona asiniharibie.

Mimi niliyekuwa nimelia kwa kiharusi, kwa mguu, kwa joho, siku hiyo nililia kwa pilau.

Sasa twende kwenye lililo kubwa. Wakati naugua, binti yetu alikuwa ameshaposwa. Kijana wa watu ni wa upande wa magharibi wa mlima, Mwarusha, Mlutheri kama sisi, ana kazi yake Sombetini, kijana mzuri. Siku ya kumtoa binti nyumbani ikawa inakuja. Na mnajua kwetu ilivyo. Binti anapiga magoti uani mbele ya watu wote, baba anachukua funda la maziwa kwenye kibuyu, anamnyunyizia, anaweka mkono kichwani, na anasema maneno ya baraka kwa kinywa chake mwenyewe. Mchungaji anafuata na sala. Mpaka baba aseme, binti hainuki pale chini.

Ukoo ukakaa kikao. Mdogo wangu, ambaye kwa haki ni baba pia wa yule binti, akasema kwa upole kwamba atasema yeye kwa niaba yangu. Alikuwa na nia njema kabisa. Wote wakakubali, wakanitazama mimi kwa macho yale ya kumtazama mtoto aliyeanguka. Nami nikataka kukataa, na mnajua tayari nilisema nini. Nilisema, "Mara ya kwanza."

Rafiki yangu alikuwa amekaa karibu na mlango, aliitwa kama jirani tu. Akasimama. Watu walishangaa, maana si mtu wa kusimama. Akasema, "Tu-tumsubiri." Akakaa. Mdogo wangu akauliza, tumsubiri mpaka lini, wageni watakuwa wamefika? Ndipo binti yangu, ambaye alikuwa anamimina chai, akaweka chini birika. Akasema, "Mimi sinyanyuki pale bila kinywa cha baba. Hata tukilala hapo." Kisha akachukua birika akaendelea kumimina. Yule mtoto amefanana na mama yake.

Basi tukafanya kazi. Nilitunga baraka, ndugu zangu, baraka ya kweli ya dalali. Ilikuwa na mlima ndani, ilikuwa na mito, mvua za masika, ng'ombe wa rangi zote, babu wa babu. Tuliiimba kwenye migomba kwa kipande kipande mpaka rafiki yangu naye akaijua yote. Kichwani ilikuwa imekaa sawasawa. Nikasema, wakwe watajua wameoa kwa nani.

Siku ikafika. Uwanja umejaa, maturubai, wakwe wamekaa upande wao na mashuka yao mazuri na fimbo, kwaya iko tayari, na kule nyuma rafiki yangu amefunikwa na moshi wa sufuria kwa sababu nani mwingine angepika. Binti akaja akapiga magoti. Nikapewa kibuyu. Nikachukua funda, na huu upande wa mdomo wangu bado haukuwa umekaza, nusu ya maziwa ikamrukia binti na nusu ikanirukia mimi kwenye suti. Mama watoto akanifuta mbele ya wakwe. Nikaweka mkono kichwani pa mwanangu.

Hakuna kitu. Mlima hakuna, mito hakuna, ng'ombe hata mmoja hayupo. Nikafungua kinywa, nikafunga. Watu wakaanza kukohoa. Mdogo wangu akajisogeza. Mshereheshaji akanyanyua mkono kumwambia mtu wa muziki aweke wimbo, kuokoa hali. Na binti yuko chini pale, kichwa chake kinanipa joto mkononi, na najua hanyanyuki.

Ndipo nikamwona rafiki yangu anatoka kwenye moshi na mwiko mkononi. Alikuja mpaka mbele ya yule mshereheshaji, akanyoosha mwiko, akaushika vile juu. Hakusema neno. Uwanja wote ukanyamaza, maana alikuwa na sura ya mtu atakayempiga nao mtu. Tukasubiri. Wakwe wakasubiri. Nasikia mpaka kuni zinavyolia. Na ikaja, naisikia inapanda kutoka tumboni, nikamshukuru Mungu, nikafungua kinywa kwa nguvu zangu zote.

"Mara ya kwanza!"

Mama watoto akafunika uso na kanga. Nikajaribu kuirudisha, ikatoka nyingine.

"Mara ya pili!"

Jamani. Mbele ya wakwe. Mkono uko kichwani pa binti wa watu aliyepiga magoti, na baba yake anampiga mnada. Nilitamani kiharusi kinirudie. Na kule upande wa wakwe, mzee wao mmoja, mrefu, na shuka lake jekundu, akasimama taratibu akiegemea fimbo, akasema, "Baba, ishia hapo hapo kwenye ya pili. Sisi tumeshachukua."

Nani alianza kucheka sijui. Nafikiri ni Baba Mchungaji, hata akikataa. Uwanja ulilipuka. Wakwe wanapigana mabega, kwaya imekaa chini, mama watoto anacheka ndani ya kanga. Nikatazama chini, nikaona mabega ya binti yangu yanatetemeka, nikajua nimemliza mwanangu siku yake. Akanyanyua uso. Anacheka mpaka machozi yamechanganyika na maziwa. Na mimi nikacheka. Nilikuwa sijacheka tangu niugue, nawaambia kweli, nilikuwa nimesahau kwamba kucheka nako ni kitu cha mdomo. Na katikati ya kicheko kile, sikulitafuta, sikuliimba, likatoka.

Nikasema, "Mwanangu. Baba yako anakupenda. Nenda na Mungu."

Ndiyo hayo tu. Akanyanyuka.

Ile baraka yangu ndefu, mnajua, hilo la kupenda halikuwamo. Nilitunga mlima na mito na ng'ombe wa rangi zote, na hilo sikuliweka. Miaka yote ya kuongea, kwa huyu mtoto niliyemlea, na kwa mama yake niliyezeeka naye, sikuwa nimewahi kulisema. Mungu aliniondolea maneno yangu yote mazuri mpaka likabaki lile nililokuwa nalificha nyuma yao. Namshukuru. Nasema wazi kwamba namshukuru, na daktari asisikie, asije akafikiri nataka tena.

Sasa nashukuru watu. Jumuiya yangu, mliowakatia ng'ombe wangu majani zamu kwa zamu, na maziwa yale mliyokuwa mnaweka mezani nikijifanya nimelala, sikuwa nimelala, niliwaona, asanteni. Mdogo wangu, ulitaka kunifunika aibu yangu, ubarikiwe. Baba Mchungaji, ulileta meza ya Bwana mpaka kitandani kwangu na ukanywa chai yetu huku nimekununia. Kijana wetu wa mnada, wiki iliyopita ulisikia wazee wanasema nirudi kwenye nafasi yangu. Sirudi. Ni yako. Mimi nitakubebea vikapu, na ukiuza kuku aliyekonda njoo uniulize jina lake.

Mama watoto. Wewe nitakuambia nyumbani. Hapana, nitakuambia hapa hapa. Na... na...

Msinimalizie, hata wewe.

Nakupenda. Haya, acheni vigelegele, anaona aibu, nami pia.

Ninachowaachia ni kidogo. Nyumbani kwako yuko mtu unayemmalizia maneno. Labda ni mkeo, labda ni mtoto, labda ni mzee ambaye siku hizi anachelewa. Unadhani unamsaidia, na wewe una haraka tu. Msubiri. Usimwangalie kwa huruma, tafuna kijiti, tazama mlima. Mimi nilifikiri kumtumikia Mungu ni kusema, na aliyenionyesha Kristo ni mtu aliyekaa kimya kwenye benchi langu mpaka kahawa ikalowa.

Na huyo mtu alikuja kwangu jana, akaniambia leo anataka kusema jambo mbele ya kanisa, kwa kinywa chake. Sijui ni nini. Inawezekana anajiuzulu mapishi, mjiandae. Kwa miaka yote hii hajawahi kusimama hapa mbele peke yake, na kosa ni langu, kwa hiyo mimi nakwenda kukaa. Rafiki yangu, njoo. Chukua muda wako wote, na atakayefungua mdomo kukusaidia atanikuta mimi.